Oili nzito siyo dawa: kuchagua oili na filta ya gari-nyumba

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Nyali alinijia gereji, hapa Changamwe, na HiAce yake ya dizeli. Aling'oa viti vya nyuma akaitia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na sasa anajiandaa kwenda Turkana na mkewe. "Mwanangu," akaniambia, "nitilie ile oili nzito kabisa, ishirini hamsini. Kwa joto hili, nyepesi itakuwa maji."

"Mzee wangu," nikamjibu, "kwanza nionyeshe kitabu cha gari."

Hakuwa nacho. Tukakaa kwenye benchi tukaanza mwanzo, na naandika kwa sababu swali lake naulizwa na karibu kila mwenye gari-nyumba, awe ameliunda kwa fundi wa mbao au ameliteremsha melini Kilindini kutoka Ulaya.

Tuanze na namba. Kwenye 15W-40, ile 15 yenye W ni ya injini ikiwa baridi. Oili ya 15W bado huvutwa na pampu hata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Nyahururu alfajiri haiijui. Kwa injini kongwe ya huku kwetu, basi, namba hiyo isikukoseshe usingizi. Ile 40 ndiyo uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Na hapo ndipo watu wanapokosea. Joto la Mombasa la nyuzi 33 si kitu mbele ya joto la ndani ya injini, kwa maana themostati huyaweka maji ya rejeta kwenye nyuzi kama 90 uwe Mombasa au uwe Limuru. Kinachoichemsha oili ni mzigo.

Na gari-nyumba halina siku ya kutembea tupu. Pikapu hupeleka mzigo ikarudi nyepesi, lakini kitanda, makabati, friji na betri za ziada hazishuki garini. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100. Panda nalo Mazeras kuelekea Mariakani saa nane mchana, gia ya pili, nyuma ya trela, utaelewa injini inaombwa nini. Kisha siku nyingine linasimama Likoni kungoja feri, injini inanguruma bure ili kipoza hewa kifanye kazi, masizi yanaingia kwenye oili. Safari ikiisha linaegeshwa miezi minne chini ya mwembe, kwenye hewa ya chumvi. Hayo matatu, mzigo, kunguruma mahali pamoja na kulala, ndiyo yanayonichagulia oili.

Injini kongwe zisizo na kompyuta wala filta ya masizi kwenye ekzosi ni rahisi. Chukua 1HZ ya Toyota, lita 4.2, silinda sita, iliyobeba Land Cruiser nyingi sana, na wenye magari-nyumba huipenda kwa haki. Hiyo tia 15W-40 ya dizeli yenye alama ya API CI-4 (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga oili kwa madaraja), umemaliza. Herufi C kwenye alama hizo ni ya injini za dizeli, S ni ya petroli. Mkebe ulioandikwa S peke yake usiutie kwenye dizeli, hata kama namba za uzito zinafanana. CI-4 ilikuja mwaka 2002 na imeundwa kuhimili masizi na asidi inayotokana na salfa ya dizeli. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo jema sana, lakini ukivuka mpaka kwenda mbali zaidi hujui utauziwa nini, na oili yenye akiba ya kupambana na asidi ndiyo inayokulinda.

Ile 20W-50 aliyoitaka mzee? HiAce yake ina tabo, kile kipangaboi kidogo kinachosukumia injini hewa. Kila asubuhi ukiwasha, oili nzito huchelewa kukifikia, na tabo huliwa katika sekunde hizo. Uzito wa ziada si ulinzi wa ziada. Nilimtilia 15W-40.

Magari-nyumba ya Ulaya ni habari nyingine. Mengi yamejengwa juu ya Fiat Ducato, mengine Mercedes-Benz Sprinter, na ya karibuni yana filta ya masizi kwenye ekzosi. Masizi huunguzwa na injini yenyewe yakaisha. Majivu hayaungui. Majivu hayo hutoka kwenye viungo vya ndani ya oili, na oili ya lori kama CI-4 inayo mengi. Tone kwa tone inapoungua, majivu hujaa kwenye filta ile, na bei yake inaweza kukununulia injini kuukuu. Kwa hiyo tafuta oili ya majivu machache: ACEA C2 au C3 (alama ya watengenezaji magari wa Ulaya, na C yake si ile ya API), au alama ya mtengenezaji mwenyewe, kwa mfano MB 229.51 kwa Sprinter nyingi. Nilishapokea Sprinter ya wageni waliotoka kusini, imetiwa oili ya lori njiani kwa nia njema kabisa. Niliimwaga siku hiyo hiyo, ingawa ilikuwa bado mbichi.

Na hapa niwaombe mnisikilize vizuri. Mikebe miwili inaweza kuandikwa 5W-30 na isiwe oili moja. Kuna kipimo cha uzito kinachochukuliwa oili ikiwa kwenye nyuzi 150, ikisagwa baina ya vyuma. C3 lazima ifike 3.5 au zaidi, C2 inaruhusiwa kuanzia 2.9. Kwa gari linalopanda na tani tatu na nusu, tofauti hiyo ni kubwa. Basi ukienda duka la spea usiseme "nipe faivu thati" ukanyamaza. Geuza mkebe, soma nyuma. Tazama pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kizibo kama kimeguswa, maana oili bandia zipo sokoni. Mimi mkebe mtupu huutoboa kabla ya kuutupa ili usijazwe tena.

Filta ndiyo hudharauliwa zaidi. Nikiwa mwanagenzi, mwaka wa pili, nilitumwa dukani nikapewa filta "ya Toyota". Nikaifunga, ikakaza, gari likaondoka. Kwenye mwinuko wa Mazeras taa ya oili ikawaka, barabara nyeusi nyuma yake. Mwenyewe alizima papo hapo, na hilo ndilo lililoiokoa injini. Kisa ni nyuzi za skrubu. Toyota nyingi zina mdomo wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na filta za Nissan nyingi ni za milimita 20. Ile ya 20 huingia juu ya 19, mkono unahisi imeshika, na gasketi inaziba kwa muda. Presha ikipanda inaruka. Tangu siku hiyo hulinganisha namba za filta mpya na kuukuu, na sura peke yake hainitoshi.

Ndani ya filta kuna vali mbili. Moja hufunguka karatasi ikiziba, oili ipite bila kuchujwa kuliko injini ikose kabisa, ndiyo maana filta iliyojaa haikuonyeshi dalili yoyote. Ya pili ni ulimi wa mpira unaozuia oili kurudi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, injini ikizimwa. Kwa gari linalolala miezi, huo ulimi ndio ninaoununua. Mpira wa kawaida hukauka kwa joto, wa silikoni hubaki laini. Ukiwasha gari lililolala ukasikia vyuma vikigonga sekunde mbili tatu, angalia hapo kwanza.

Oili badilisha kila mwaka hata kama umetembea kilomita 3,000 tu, na ubadilishe kabla ya kuliegesha, maana oili chafu yenye asidi na unyevu isikae na bearingi miezi yote hiyo. Ikigeuka nyeusi mapema usishtuke, oili ya dizeli inayobeba masizi inafanya kazi yake. Cha kushtua ni kiwango cha oili kikipanda chenyewe kwenye kijiti cha kupimia. Hiyo mara nyingi ni dizeli inayoshuka kwenye sampu.

Filta kuukuu ya mzee niliikata kwa msumeno, nikazikunjua karatasi na kupitisha sumaku. Ilitoka na unga mwembamba wa chuma, wa kawaida kwa umri wa injini. Vingekuwa vipande vinavyong'aa vya kuonekana kwa jicho, nisingemruhusu avuke Voi.