Hali salama: mlango wa kuingilia kompyuta iliyokwamishwa na antivairasi

Hali salama, ambayo kwenye skrini utaiona imeandikwa Safe Mode, ni namna ya kuwasha Windows ikiwa na vile vya lazima tu: kibodi, kipanya, diski, skrini yenye picha za kiwango cha chini, na huduma chache ambazo bila hizo mfumo hausimami. Vilivyoongezwa baadaye huachwa nje. Programu zinazojiwasha zenyewe haziwaki, draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, za printa na za kadi ya picha hazipakiwi, na kwa kawaida antivairasi uliyoiweka mwenyewe nayo hukaa kimya. Nyaraka na picha zako zinabaki mahali pake, kwa maana hali hii haifuti kitu.

Ningependa ijulikane kwa watu wengi zaidi. Kompyuta ikigoma kuwaka, ushauri wa kwanza unaosikika kwa mafundi wengi ni "piga Windows upya", na mteja anakubali kwa kuwa hajui kama ipo njia nyingine. Hesabu za duka, tasnifu iliyofika sura ya nne, picha za harusi, vyote vinaweza kwenda kwa sababu ya hitilafu ambayo pengine ingeondoka kwa kufuta faili moja.

Lakini antivairasi, ambayo kazi yake ni ulinzi, inapataje uwezo wa kuizuia kompyuta nzima isiwake? Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kwanza huamka programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama. Hiyo hukagua vifaa, kisha huita kipakiaji cha Windows, nacho huleta keneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na draiva zinazotakiwa mapema kabisa. Huduma nyingine na ukurasa wa kuandika nywila hufuata baadaye. Virusi vibaya zaidi hujaribu kujipenyeza katika hatua hizo za mwanzo ili vikae chini ya kila kitu visionekane. Ndiyo maana antivairasi nyingi huweka draiva yake huko huko chini, ndani ya keneli, iwahi kabla yao. Kuna gharama hapo. Programu ya kawaida ikikosea hujifunga yenyewe, na wewe unaendelea na kazi zako. Draiva ikikosea ndani ya keneli, Windows haina tena uhakika na kumbukumbu yake, hivyo husimamisha mashine yote isije ikaharibu data. Hapo ndipo unapoiona skrini ya buluu. Mashine ikijiwasha tena, draiva ile ile hupakiwa, hukosea pale pale, na mzunguko hauishi.

Hicho ndicho kilichotokea Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo la programu yake ya ulinzi iitwayo Falcon; kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa moja na dakika 9 asubuhi. Draiva ilitarajia taarifa 21 ikapewa 20, ikaenda kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na Windows ikaanguka. Kampuni ililiondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, ila kompyuta zilizokwisha kulipokea zilikuwa haziwaki. Microsoft ilikadiria kuwa zilikuwa milioni 8.5. Ndege zilikwama viwanjani, na hospitali na benki za nchi nyingi zikasimamisha huduma. Na dawa ilikuwa nini? Kuingia kwenye hali salama, kufungua folda ya CrowdStrike ndani ya folda ya draiva, na kufuta faili ambayo jina lake linaanza na C-00000291. Katika hali salama draiva ya Falcon haikuwa inapakiwa, kwa hiyo mashine ilikaa wima muda wa kutosha kufanya kazi hiyo. Ugumu ulikuwa kwamba mtu alilazimika kuifikia karibu kila mashine kwa mkono wake, kwani kompyuta isiyowaka haipokei marekebisho kwa mtandao.

Kuna aina ya pili ya ajali, na inafaa kuitofautisha na ya kwanza. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee lililobeba namba 5958 liliitambua svchost.exe, faili halali na ya lazima ya Windows XP, kuwa ni kirusi, likaiondoa. Hapa draiva haikukosea hata kidogo. Antivairasi ilifanya kazi yake kwa bidii, ila ilimkamata asiye na hatia. Mashine zikawa zinajizima na kujiwasha, tena bila mtandao. Katika ajali ya namna hii hali salama peke yake inaweza isitoshe, kwa sababu kilichokosekana ni kiungo cha mfumo wenyewe. Lazima faili irudishwe, ama kutoka kwenye karantini ya antivairasi, yaani mahali inapofungia faili inazozishuku, ama kwa kuirudisha Windows kwenye hali yake ya siku za nyuma kupitia System Restore.

Kabla ya kuilaumu antivairasi, tazama mashine inafika wapi. Isipowasha taa wala feni, tatizo liko kwenye umeme au vifaa. Ikionyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikageuka buluu au ikazungusha vidoti bila mwisho, hapo programu inashukiwa, hasa kama kompyuta kadhaa za ofisi moja zimegoma asubuhi ile ile.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, hujipeleka zenyewe kwenye skrini ya ukarabati. Chagua Troubleshoot, halafu Advanced options, halafu Startup Settings, ubonyeze Restart. Orodha ikitokea bonyeza 4, au 5 ukitaka na intaneti. System Restore nayo imo humo humo ndani ya Advanced options. Kwenye Windows 7 na za kabla yake ni kugonga F8 mara tu mashine inapoamka. Usidanganywe na kitufe cha Uninstall Updates kilichoko kwenye skrini hiyo. Chenyewe huondoa masasisho ya Windows tu, na sasisho la antivairasi hakiligusi.

Mashine inaweza pia kukudai ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski. Hilo liliwatesa wengi mwaka 2024, maana diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji na ufunguo haukujulikana uliko. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufungwa hivyo bila mwenyewe kutambua, na ufunguo huwekwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Unaweza kuusoma kwa simu. Afadhali uuandike leo kwenye karatasi, mashine ikiwa bado nzima.

Ukishaingia, nakili kwanza nyaraka zako kwenye flashi. Kisha ondoa antivairasi. Njia ya kawaida ya kuiondoa inaweza kukataa, kwa kuwa huduma ya Windows inayosimamia usakinishaji hailetwi katika hali salama; kampuni nyingi za antivairasi hutoa programu maalumu ya kujiondoa, ambayo unaipakua kwenye kompyuta nyingine. Washa upya kwa kawaida. Ikiwaka, Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows huchukua ulinzi yenyewe, kwa hiyo hutabaki bila ulinzi. Antivairasi yako irudishe pale tu kampuni itakapokuwa imetangaza sasisho lililorekebishwa, na irudi peke yake: antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja huzuiana, na zinaweza kukurudisha kwenye skrini ile ile ya buluu.