Darubini Haikupelekwa Kusogelea Nyota

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu mwenye shahada ya fizikia: eti darubini ya angani ya James Webb ilipelekwa kilomita milioni 1.5 ili izikaribie galaksi? Jamani. Nuru huumaliza umbali huo kwa sekunde tano. Andromeda, galaksi ambayo ni jirani, iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa. Piga hesabu mwenyewe tumesogea kiasi gani.

Kilichofuatwa kule ni baridi.

Sababu ya kwanza ipo kwenye kila kitabu, kwa hiyo naipitia haraka. Ulimwengu unatanuka na kuinyoosha nuru njiani. Mstari wa Lyman-alfa, nuru ya hidrojeni, hutoka kwenye galaksi ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, urujuanimno kabisa; ukinyooshwa mara 15 unatufikia ukiwa mikroni 1.8, yaani infraredi, nuru iliyo ng'ambo ya nyekundu ambayo macho hayaioni.

Sasa hapa ndipo watu wanaponichosha. Kitu chochote chenye joto hutoa infraredi, na darubini yenyewe ni kitu. Kioo chenye joto la kawaida la chumbani hung'aa zaidi karibu na mikroni 10. Kutafuta galaksi hafifu kwa kioo hicho ni kama kupiga picha za usiku kwa kamera iliyowashwa taa ndani. Kioo cha Hubble, darubini inayozunguka karibu na Dunia, hutunzwa kwenye nyuzi 21 za Selsiasi hivi. Hata ungekipanua kutoka mita 2.4 hadi 6.5 za Webb, kwenye mawimbi marefu kingejipofusha chenyewe.

Ndiyo maana ya kwenda L2, ile sehemu iliyo kilomita milioni 1.5 nyuma ya Dunia ukitazama kutoka kwenye Jua: kule Jua, Dunia na Mwezi vyote hubaki upande mmoja, na ngao moja ya tabaka tano inavikinga vyote. Upande wa Jua ni takriban nyuzi 85, upande wa kioo takriban -233. Kwa MIRI, kifaa cha Webb cha mawimbi marefu ya infraredi, hata hiyo haitoshi. Inataka chini ya Kelvini 7 (nyuzi -266 hivi), ikapewa pampu inayozungusha gesi ya heliamu isiyopungua. Spitzer, darubini ya infraredi iliyotangulia, ilibeba heliamu ya kimiminika, ikaisha mwaka 2009.

Baridi hiyo nayo ina adabu zake. Beriliamu, metali ya kioo cha Webb, ikipoa hunywea, na hainywei sawasawa. Basi vipande 18 vya kioo vilipozwa, vikapimwa vikiwa baridi, vikarudishwa kwenye joto na kusuguliwa makusudi vikose umbo, ili kosa lijinyooshe lenyewe vikipoa. Mafundi walihangaikia makumi ya nanomita ili kupata kioo ambacho karakanani ni kibovu! Kwangu hiyo ndiyo kazi tamu kuliko picha zote mlizosambaziana.

Na picha zenyewe zina utata. Galaksi za mwanzo zinang'aa kuliko mifano yetu ilivyotabiri. Wengine wanasema vumbi lilikuwa kidogo, wengine nyota zilizaliwa kwa vipindi vya kasi. Naegemea hili la pili, ila siweki dau. Mwaka 2022 rangi za galaksi CEERS-93316 kwenye picha ziliiweka ndani ya miaka milioni 250 ya kwanza ya ulimwengu. Spektra, yaani nuru yake iliyochambuliwa wimbi kwa wimbi, zilipopatikana, kumbe ni galaksi ya zaidi ya miaka bilioni moja baada ya mwanzo. Vumbi na gesi yake inayong'aa viliigiza wekundu wa nuru iliyonyooshwa na umbali. Nukta nyekundu isiyo na spektra naiita mgombea wa galaksi ya mbali, basi.