Sola haikuizima Hispania: inveta zilikatazwa kusaidia

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii na mhandisi mwenzangu, mtu wa umeme kabisa: "Bado unaipigia debe sola baada ya yale ya Hispania?" Nimechoka kulijibu swali hili vipande vipande kwenye magrupu. Naliandika lote hapa.

Yale ya Hispania ni haya. Aprili 28, 2025, saa 6:33 mchana kwa saa za kule, gridi ya Hispania bara pamoja na ya Ureno ilianguka yote. Wakati huo sola ilikuwa inabeba zaidi ya nusu ya umeme unaofuliwa Hispania. Basi watu wakajumlisha haraka haraka: jua jingi, rota za jenereta zinazozunguka chache, inesha (ukinzani wa rota nzito dhidi ya kubadili mwendo ghafla) haba, gridi chini. Ukisoma mfuatano wa matukio kama ulivyorekodiwa na vifaa, hesabu hiyo haisimami.

Inesha hulinda masafa, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Kilichoivunja Hispania ni volteji, na volteji iliyopanda, si iliyoshuka. Kwanza ilikatika transfoma moja ya kukusanya umeme huko Granada, kisha mitambo ya Badajoz, kisha ya Sevilla, na kila mtambo uliotoka uliiacha volteji juu zaidi, ikamsukuma nje anayefuata. Masafa yalikuja kuporomoka mwishoni, baada ya mitambo kukatika kwa wingi. Tangu transfoma ya Granada hadi giza, sekunde hazikutimia 30. Ungeweza kuongeza inesha mara dufu siku ile na volteji ingepanda vilevile, kwa sababu rota nzito hainywi riaktivu (umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi, na ukizidi hupandisha volteji) kwa uzito wake. Anayenena "inesha" kila gridi inapozimika ni sawa na kutaja malaria kwa kila homa.

Sasa riaktivu yenyewe. Njia ndefu ya msongo wa kilovolti 400 iliyobeba mzigo mdogo hutoa riaktivu yenyewe, na lazima pawe na wa kuinywa: riakta (koili kubwa) kwenye kituo, jenereta iliyopunguziwa msisimko, au inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa aina ya gridi. Ndiyo, inveta. Chukua inveta ya kVA 100 inayotoa kW 90. Imebakiza nafasi ya kVAr 43 na ushee (kVAr na MVAr ni vipimo vya riaktivu), za kunywa au kutoa, na inaweza kugeuka upande ndani ya mizunguko michache ya wimbi. Hata usiku, paneli zikiwa zimelala, inveta nyingi za mashamba makubwa zinaweza kuendelea kushika volteji, ikiwa tu mwenye shamba alizinunua na uwezo huo na kuna anayemlipa kwa umeme kidogo zinaoula.

Je, inveta za Hispania ziliruhusiwa kufanya hivyo? Hapana, na hapa ndipo damu yangu huchemka. Mashamba ya sola na upepo yalitakiwa kukaa kwenye pawafakta iliyopangwa, yaani uwiano usiobadilika kati ya umeme wa kazi na jumla yake pamoja na riaktivu. Utaratibu wa kudhibiti volteji kwenye gridi kubwa ulikuwa wa mwaka 2000, na kazi hiyo waliachiwa wenye jenereta za kawaida. Angalia maana yake kwa namba. Shamba la megawati 100 lililofungwa kwenye 0.98 upande wa kunywa hunywa riaktivu kama MVAr 20. Bei ya umeme ikishuka mchana, mwenye shamba anapunguza hadi megawati 50. Pawafakta ni ileile, basi sasa anakunywa MVAr 10 tu. Njia nazo zimepungukiwa mzigo, zinatoa riaktivu nyingi zaidi kuliko dakika iliyopita. Kwa hiyo pale hasa gridi inapohitaji mnywaji, mnywaji ameondoa kikombe nusu, na amefuata kanuni neno kwa neno. Ongeza lingine: shamba likijikata kwa sababu ya volteji kubwa, riaktivu lililokuwa likiinywa inabaki kwenye njia, na volteji inapanda tena.

Na zile jenereta za kawaida zilizopewa kazi hiyo? Ripoti ya serikali ya Hispania ya Juni 2025 ilieleza kwamba kadhaa hazikunywa riaktivu kama zilivyotakiwa. Mwezi huohuo mdhibiti, CNMC, akaubadili utaratibu ule ili mitambo ya nishati jadidifu nayo iweze kudhibiti volteji. Uwezo ulikuwa ndani ya masanduku muda wote huo.

Wala si Hispania peke yake. Kanuni ya 1547 ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ya mwaka 2003, iliyonakiliwa na nchi nyingi, ilisema wazi kwamba mtambo mdogo uliounganishwa kwenye gridi ya usambazaji usijishughulishe na kudhibiti volteji. Mpaka toleo la 2018 ndipo ikageuka na kudai inveta ziwe na uwezo huo. Kizazi kizima cha wahandisi kimefundishwa kwamba inveta ni ya kusukuma kilowati na kunyamaza, na ikinyamaza wanailaumu kwa kunyamaza.

Nisiwe wakili wa inveta kupita kiasi. Zimewahi kukosea, na kukosea vibaya. Agosti 16, 2016, moto wa msituni California ulisababisha hitilafu kwenye njia ya kilovolti 500, na karibu megawati 1,200 za sola zikatoweka. Sehemu kubwa zilitoka kwa sababu ya jambo moja la kusikitisha: hitilafu ililipotosha wimbi kwa kitambo kidogo sana, inveta zikapima masafa papo hapo, zikaona yako chini ya hezi 57, zikajikata. Masafa halisi ya gridi hayakukaribia hapo kabisa. Nyingine ziliacha kutoa umeme volteji ilipoteremka chini ya asilimia 90. Dawa ilikuwa programu: subiri kabla ya kuamua, na usinyamaze hitilafu ikitokea. Ujerumani nayo iliwahi kuagiza sola zote zijizime masafa yakigusa hezi 50.2, zote kwa pamoja, na baadaye ikalazimika kurekebisha mitambo zaidi ya 300,000.

Masafa nitayapitia haraka, maana hayana ubishi mkubwa. Agosti 2016, kampuni ya First Solar, NREL (maabara ya nishati jadidifu ya Marekani) na mwendeshaji wa gridi ya California walijaribu shamba la megawati 300, likafuata amri za kupanda na kushuka kwa usahihi kuliko mitambo ya gesi. Ila ili upande, lazima uwe umeacha nafasi juu, yaani umeme wa jua ulioutupa kwa makusudi. Bila malipo kwa nafasi hiyo, hakuna mwekezaji atakayeiacha, nami simlaumu.

Panapobaki pagumu ni hapa. Inveta za kawaida ni maamuma: zinamsikiliza imamu, yaani wimbi la gridi, na kumfuata. Inveta za kuunda gridi ni yule maamuma wa safu ya kwanza anayeweza kusogea mbele imamu akipatwa na udhuru. Zipo na zinafanya kazi. Betri ya Hornsdale huko Australia Kusini inatoa huduma ya inesha kwa njia hiyo tangu 2022. Lakini vitabu vinaliruka jambo moja: mkondo wa hitilafu. Jenereta hutoa mara tano au sita ya mkondo wake wa kawaida kwenye shoti, inveta huzidisha kidogo tu kisha transista zake zinajilinda. Rilei nyingi zilizoko vituoni, vifaa vinavyotambua hitilafu na kukata njia, zilisetiwa zikitarajia mkondo mkubwa. Ndiyo maana Australia Kusini, pamoja na betri zake zote, ilifunga kondensa sinkroni nne mwaka 2021, mashine za kuzunguka zisizofua umeme wowote. Na inveta za watengenezaji tofauti zikiwekwa nyingi mahali pamoja zinaweza kuvutana na kuitikisa volteji, huku modeli zake zikija kama sanduku lililofungwa tusiloruhusiwa kuchungulia. Hilo linaninyima usingizi kuliko inesha.

Kwetu hadithi ya volteji si ya mbali. Kenya ina njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, na usiku wa Agosti 25, 2023, nchi ilipozimika, wenye shamba la upepo la Turkana walisema lilijitoa kujikinga na volteji iliyozidi. Ugonjwa ni uleule, na usiku ule jua halikuwepo la kulaumiwa.

Kwa wanaokabidhiwa mashamba sasa hivi: usisaini kwa kutazama makaratasi. Nimefungua inveta ambazo nyaraka zake zinasema udhibiti wa volteji umewashwa, na ndani ya programu umezimwa, kwa sababu wakati wa majaribio ulisumbua na hakuna aliyerudi kuuwasha. Mwambie mkandarasi abadilishe kiwango cha volteji ambacho shamba limeamriwa kukishika, asilimia moja juu, kisha asilimia moja chini, shamba likiwa linafua, nawe ukiwa umesimama kwenye mita ya kituo cha kupozea umeme ukisoma MVAr. Zisiposogea, au zikisogea upande usio, mkabidhi funguo zake. Na mafundi wa majumbani, ile menyu ya msimbo wa nchi mnayochagua yoyote ili inveta isikatike-katike ndiyo inayoamua itafanya nini gridi ikiumwa. Ulizeni shirika la umeme la kwenu linataka ipi kabla ya kubonyeza.