Babu Hakuwa na Lake: Dhana Potofu Kuhusu Maneno ya Mitaani Katika Barua za Wazee

Nimeletewa tena barua ambayo familia imeshaihukumu kabla ya kuisoma. Mjukuu kaiweka mezani, kidole kwenye mstari wa kwanza: “Kwa mpenzi shemeji.” Umeona, ananiambia, babu alikuwa na lake na mke wa kaka yake.

Hakuwa na lake lolote.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: neno nalijua, basi nimeelewa. Neno usilolijua halina hatari, maana utauliza. La hatari ni lile unalolitumia kila siku kwa maana nyingine. “Mpenzi” lilikuwa neno la kufungulia barua, aandikiwe baba, dada au rafiki wa shule. Redio nayo ikatuita “wapenzi wasikilizaji” miaka na miaka, na sijasikia ndoa iliyovunjika kwa hilo.

Barua hiyohiyo, ukurasa wa pili: “Nikipata ngawira nitatuma dala nne za sukari.” Hapo babu kageuka mporaji mwenye dola! Mjukuu alifungua kamusi, akakuta ngawira ni mali iliyotekwa vitani, akaridhika. Mtaani ngawira ni pesa tu, hata za mshahara halali. Na dala ilikuwa sarafu ya shilingi 5. Daladala zimepata jina hapohapo, kwa nauli waliyokuwa wakiinadi makondakta. Dala nne ni shilingi 20. Angesoma sentensi nzima, sukari yenyewe ingemwambia.

Mwingine alicheka mpaka machozi: bibi kaandika kwamba siku hizi wanaamka alfajiri kwenda kudanga. Mtaani leo kudanga ni kutafuta wanaume kwa ajili ya pesa; kwa bibi ni kuchota maji kidogokidogo, kata kwa kata, pale kisima kinapokaribia kukauka. Barua ya ukame ikasomwa sebuleni kama kichekesho. Tunalalamika kwamba misimu ya wazee, yaani maneno yao ya mitaani, ni migumu, kumbe mara nyingi msimu uliotupoteza ni wa kwetu sisi.

Eti mzee yeyote atakufafanulia. Hapana, tafuta wa rika lile na mji ule. Bongo ilikuwa Dar es Salaam kabla haijawa Tanzania nzima, na wazee wawili wa miji miwili wanaweza kukubishania mpaka chai ipoe.

Eti hakujua kuandika, mbona kaandika “khabari”? Ndivyo wengi walivyoliandika. Na kama barua ni ya herufi za Kiarabu, kumbuka waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa b, p na hata mb. Huo “msimu” uliokutoa jasho huenda ni neno la kawaida lililonakiliwa vibaya na mjomba wako.

Eti salamu ndefu ni za kuruka. Ni kweli habari yenyewe huanza baada ya “wabaadu”. Lakini mtu ambaye barua zote huandika “mimi ni mzima, hofu ni juu yako”, siku akiliacha hilo “mzima”, usiruke kitu.

Eti maneno ya mitaani ni takataka tu. Barua isiyo na tarehe ikimtaja “naizesheni”, nimeshaisogeza kwenye miaka ya uhuru, Waafrika walipokuwa wakishika vyeo vilivyoachwa na wakoloni. Stempu imebanduka, neno limebaki.

Ninachowaomba wateja wangu, na wachache hunisikia: msinipigie simu na neno moja. Nakilini sentensi nzima, na iliyotangulia, na inayofuata, kwenye karatasi nyingine, si kwa kalamu juu ya barua yenyewe. Kisha someni mpaka mwisho ndipo mgombane.

Ile sukari, kwa taarifa, ilikuwa ya arobaini ya baba yao. Imeandikwa ukurasa wa tatu, ambao pale nyumbani hakuna aliyeufikia.