Je, wajua kwa nini "si alisaini mwenyewe" haitoshi kuwa jibu kwenye Big Brother, shindano la televisheni la watu wanaoishi mbele ya kamera?

Mwaka 2003 watu 12 kutoka nchi 12 za Afrika waliingia katika jumba moja Johannesburg kuishi mbele ya kamera, katika shindano lililodumu siku 106. Hilo lilikuwa Big Brother Africa la kwanza, shindano lililozaliwa Uholanzi mwaka 1999. Cherise Makubale wa Zambia aliondoka na dola 100,000. Mtanzania Mwisho Mwampamba akawa wa pili. Kamera zilifika hadi bafuni, na kulikuwa na kipindi maalumu cha kuwaonyesha wakioga. Bunge la Malawi lilipiga marufuku matangazo hayo, kisha Mahakama Kuu ikaitengua marufuku.

Kelele nyingi za wakati ule zilihusu watazamaji: watoto wetu wanaona nini? Faragha ya waliokuwa ndani haikuwasumbua wengi, maana jibu lilikuwa mdomoni tayari. Si walisaini mkataba wenyewe?

Jibu hilo lingali linatolewa hadi leo, na lina kasoro kubwa. Anayesaini anakubali kurekodiwa. Kile kitakachotengenezwa kutokana na rekodi hizo hawezi kukikubali, kwa kuwa bado hakipo. Watu 12 kwa saa 24 ni saa 288 za maisha kila siku. Ili upate muhtasari wa saa moja, lazima mtu akae achague.

Chukua mfano wa fundi cherehani. Umempelekea kitambaa bila kupimwa wala kuelewana mshono. Anakata anavyotaka, kipande hiki anakifanya mkono, kile anakitupa, halafu unavishwa sokoni kabla hujajiona kwenye kioo. Kila uzi ni wako, hakuna alichoongeza. Ukilalamika, unaambiwa kitambaa ulileta mwenyewe. Ndivyo uhariri unavyofanya kazi: dakika tatu za hasira zinabaki, jioni nzima ya kupika na kucheka na wenzake inaachwa. Hakuna picha ya uongo hata moja, na bado taifa linakutana na mtu ambaye mama yake hamtambui. Naye hawezi kujitetea, kwa sababu humo ndani hana simu wala habari za nje.

Hata kurekodiwa kwenyewe kuna mipaka: Ujerumani, shindano lilipoanza mwaka 2000, wadhibiti wa utangazaji walihoji kurekodi watu mfululizo na washiriki wakapewa saa moja kwa siku bila kamera. Nao walikuwa wamesaini. Hispania mwaka 2017 mambo yalikuwa mabaya zaidi: mshiriki aliyedaiwa kudhalilishwa kingono akiwa hajitambui aliitwa peke yake chumbani, akaonyeshwa mkanda wa tukio hilo huku kamera ikimrekodi akiutazama. Mkanda wa uchungu wake ulipofichuliwa mwaka 2019, wadhamini wengi walijitoa. Hakuna mkataba unaoweza kumwandaa mtu kwa jambo kama hilo.

Si kila anayeingia huumia. Mtanzania Idris Sultan alishinda Big Brother Africa mwaka 2014 na akaendelea kujijengea jina katika uchekeshaji na uigizaji. Lakini kufanikiwa kwake hakuhalalishi kilichofanyiwa mwingine.

Uingereza, tangu Aprili 2021, kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa huko, zinavitaka vituo viwajali washiriki walio hatarini kudhurika na kuwaeleza hatari hizo mapema. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomruhusu mtu kuondoa ridhaa yake wakati wowote, ingawa imeacha nafasi kwa kazi za uandishi wa habari na sanaa, na kuondoa ridhaa hakubatilishi kilichofanyika kabla.

Kisha kuna wale ambao hawakusaini chochote. Mshiriki akisimulia usiku wa manane jinsi mchumba wake wa zamani alivyougua, au siri ya ndoa ya wazazi wake, ni maisha ya hao yanayoanikwa. Hao hawakuulizwa, hawakulipwa, na hakuna zawadi wanayoshindania. Mtayarishaji anayeheshimu watu angekikata kipande hicho hata kama ndicho kitamu kuliko vyote.