Matumaini hayachukui nafasi ya vidonge vya presha

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu ya ukoo na ya jumuiya hapa Dodoma: mzee mwenye matumaini, asiyewaza sana, hapati presha, na kama anayo, aache vidonge, furaha itamponya. Si kweli.

Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, zikiwemo za Marekani, zimeona kwamba wenye matumaini kwa wastani huishi muda mrefu zaidi. Huo ni uhusiano, si tiba. Mwenye matumaini mara nyingi hutembea, havuti sigara, na hurudi kliniki siku aliyopangiwa. Tena aliye mzima ni rahisi kwake kuwa na matumaini (nani asingekuwa nayo?), na hapo ndipo watu huchanganya chanzo na matokeo.

Kuhakiki si kazi. Mpeleke bibi zahanati, akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, apimwe. Bibi anayetaniana na kila mteja wa zabibu zake sokoni anaweza kukutwa na 160 kwa 100 bila hata kuumwa kichwa. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Na vipimo vikishuka akiwa kwenye dawa, mara nyingi ni dawa inayofanya kazi. Asiiache bila daktari.

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Aliyeutuma ni shangazi? Mwandikie pembeni, si mbele ya ukoo mzima: “Shikamoo shangazi. Babu aendelee na vidonge vyake.”