Mvinyo wa Cahors: ladha yake na vyakula vinavyoendana nao

Cahors ni mvinyo mwekundu wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, unaotoka kwenye bonde la mto Lot na miinuko ya mawe ya chokaa iliyo juu yake. Jina hilo linalindwa kisheria tangu 1971. Ili chupa iandikwe Cahors, angalau asilimia 70 ya zabibu zake lazima ziwe Malbec, na zinazobaki ni Merlot au Tannat. Mvinyo mweupe wa eneo hilo hauruhusiwi kubeba jina hilo.

Kwa karne nyingi umeitwa mvinyo mweusi. Ukiumimina unaelewa: ni zambarau iliyokolea kiasi kwamba kidole ukikiweka nyuma ya glasi hukioni. Harufu yake ni ya plamu zilizoiva, matunda meusi ya porini, na mara nyingi maua ya urujuani.

Kinachomshtua anayeuonja mara ya kwanza ni ukakasi. Ulimi unakauka, fizi zinakaza, kama umeng'ata bibo ambalo halijaiva sawasawa. Hiyo ni kazi ya tanini, iliyomo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakipoteza utelezi wake, mdomo unakwaruza. Wengi hapo hapo huweka glasi chini na kusema mvinyo ni mbaya. Naamini wanauonea, kwa sababu wameunywa bila chakula.

Wenyeji wa Cahors huunywa na bata. Mapaja ya bata hutiwa chumvi, huachwa hadi kesho yake, kisha hupikwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa ndani ya mafuta ya bata mwenyewe. Mwishoni hukaangwa mpaka ngozi iwe kavu na nyama iachane na mfupa. Kula tonge la nyama hiyo, kisha piga funda moja la Cahors. Tanini sasa inapata protini za nyama za kushikana nazo, na mafuta yaliyotanda mdomoni yanaondoka. Ukakasi unapungua, ladha ya matunda inajitokeza, na hamu ya tonge jingine inarudi. Mvinyo laini usio na tanini ungezidiwa na mafuta yale.

Kwa sababu hiyo hiyo unakwenda vizuri na kondoo wa kuchoma, nyama ya ng'ombe yenye mafuta, na maharage meupe yaliyopikwa pamoja na soseji na bata. Huko vijijini kuna pia desturi ya wazee iitwayo chabrot: supu ikibaki kidogo chini ya bakuli, unatia mvinyo mwekundu, unazungusha, unainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa.

Samaki usimlete. Mafuta ya samaki yakikutana na mvinyo mwekundu mzito huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili kali nayo huzidisha ukavu wa tanini na ukali wa kileo.

Anayeijua Malbec kupitia chupa za Argentina asitegemee kitu kile kile. Zabibu ni hiyo hiyo, ilipelekwa huko katikati ya karne ya 19, lakini jua la Mendoza, eneo la mvinyo la Argentina, huiivisha zaidi na mvinyo wake huwa laini, wenye utamu wa matunda. Cahors ni mkavu na mgumu zaidi, hasa ule wa miinukoni. Wa kingo za mto huwa mpole kidogo.

Chupa changa ifungue mapema, uimimine kwenye jagi ipate hewa kwa saa moja au mbili, na uinywe ikiwa na ubaridi kidogo, nyuzi 16 hadi 18. Iliyokaa miaka kumi ni habari nyingine: ukakasi umetulia, na harufu imegeukia tumbaku, ngozi na udongo wa msituni. Hiyo ndiyo ya kunywa na truffe, uyoga mweusi wa chini ya ardhi unaochimbwa majira ya baridi katika eneo hilo hilo, ukikunwa juu ya mayai ya kuvuruga.